Zawadi za Sayyid Said na Mkono wa Rais wa Marekani

Tumeulizwa mara nyingi na wasomaji wetu: huyo Rais wa Marekani, je, si sultani kwa jina jingine? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, kwani limo katika kisa cha merikebu iliyotoka katika bandari hii yetu ya Unguja.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Kwao ndiko kilikotoka kile kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Basi mwaka 1840 Sayyid akatuma merikebu yake iitwayo Sultana, pamoja na mjumbe wake Bwana Ahmad bin Naaman, nayo ikafika New York tarehe 30 Aprili. Ilichukua karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende za kuuza. Na mbali na hizo, zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwake lulu na farasi wawili wa Kiarabu.

Rais hakuzichukua. Wala hakukataa kwa kiburi. Sheria kuu ya nchi yao, iliyoandikwa mwaka 1787, yamkataza kila mwenye cheo katika serikali yao kuu, hata Rais mwenyewe, kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni ila kwa idhini ya Kongresi, yaani mabaraza yao mawili ya kutunga sheria. Walichelea kwamba aliyekula cha mtu huona haya kumwambia la.

Twaweza kufikiri taabu ya Bwana Ahmad. Kwetu kurudisha zawadi ni kumvunjia heshima aliyeitoa. Nani angethubutu kumrudishia Sayyid farasi wale wale?

Mwezi wa Julai Kongresi ikaamua: zawadi zipokewe, lakini zisiwe mali ya Rais. Zilizofaa kuwekwa zihifadhiwe na serikali, nyingine ziuzwe na fedha yake itiwe katika hazina. Farasi wakauzwa.

Ndivyo ulivyo utawala wao. Rais ndiye mkuu wa majeshi, naye huchagua mawaziri. Lakini uchaguzi huo wataka kukubaliwa na Seneti, ambayo ni moja katika yale mabaraza mawili. Kadhalika mikataba yataka thuluthi mbili za Seneti. Sayyid alipokubali mkataba wa 1833, neno lilikwisha. Kwa Wamarekani lilingoja Seneti mpaka 1834. Rais aweza kuikataa sheria, na mabaraza yakipata thuluthi mbili kila moja huipitisha hata akichukia.

Mwenye haraka atasema huku ni kujifunga miguu. Pengine ni kweli, maana hata siku hizi mabaraza na Rais wakishindana juu ya fedha, ofisi nyingi za serikali hufungwa mpaka wapatane.

Ama merikebu ya Sultana, serikali ya Marekani iliitengeneza kwa gharama yake yenyewe, nayo ikang'oa nanga mwezi wa Agosti kurejea Unguja.