Mageuko ya viumbe: kimelea cha malaria hakingoji karne

Mgonjwa anapomeza dawa ya malaria Arua au Koboko, ndani ya damu yake huendelea jambo ambalo wengi hudhani lilikwisha zama za kale: viumbe kubadilika, kizazi baada ya kizazi.

Je, mabadiliko hayo huja polepole au kwa kasi? Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza kwamba huja kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno. Mwaka 1972 Niles Eldredge na Stephen Jay Gould wa Marekani walitoa hoja tofauti: visukuku huonyesha kwamba spishi nyingi hukaa mamilioni ya miaka bila badiliko kubwa, kisha mpya huzuka kwa muda mfupi. Hata hivyo, "muda mfupi" wa wanajiolojia waweza kuwa maelfu ya miaka.

Malaria yafunza kwamba mwendo hutegemea urefu wa kizazi na uzito wa shinikizo. Kinasaba cha sikoseli, ambacho humkinga na malaria kali anayekirithi kwa mzazi mmoja tu, kilichukua maelfu ya miaka kuenea miongoni mwa watu wa Afrika. Kimelea, kwa upande wake, huongezeka ndani ya damu kila baada ya saa 48 hivi.

Mwaka 2004, klorokwini ilipokuwa imeshindwa, Uganda iliteua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza. Dawa haiumbi usugu. Huua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu. Watafiti waliofuatilia wilaya 16, zikiwemo Arua na Koboko, kati ya 2016 na 2022, walibaini kwamba vinasaba vya usugu dhidi ya artemisini vilizuka kaskazini kabisa mwa nchi, vikaenea hadi kufikia asilimia 10 hadi 54 ya maambukizi katika sehemu kubwa ya kaskazini. Hiyo si spishi mpya, lakini njia ni ileile.

Usugu huo ni wa kiasi: vimelea huchelewa kufa, na dawa mseto ingali inawaponya wagonjwa wengi, kwa kuwa lumefantrini humalizia kazi. Nayo ikishindwa, hatari itakuwa kubwa. Ndiyo maana yafaa kupimwa kabla ya kumeza dawa, kumaliza dozi ya siku 3 hata homa ikishuka, na kulala ndani ya chandarua.