Je, gari la haibridi linaweza kuchajiwa nyumbani?

Gari la haibridi la kawaida, kama Toyota Prius, halichomekwi kwenye umeme. Betri yake hupata chaji kutoka kwenye injini na gari linapofunga breki. Je, unaweza kulibadilisha ulichaji nyumbani?

Inawezekana kabisa. Mwaka 2004, kikundi cha CalCars huko California, Marekani, kilifunga betri za ziada kwenye buti ya Prius, pamoja na chaja.

Ishu ni ukubwa wa betri. Ile ya kiwandani ilibeba takriban kWh 1.3, umeme wa kilomita chache tu. Ukiongeza betri, mota inafanya kazi muda mrefu na petroli inapungua. Ila ukikimbiza gari, injini inawaka.

Sasa gharama. Mwaka 2008, seti ya Hymotion ya kWh 5 iliuzwa karibu dola 10,000. Kuna hatari pia: mwaka huohuo, Prius iliyobadilishwa hivyo iliungua moto huko South Carolina.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa fundi gari, linganisha kwanza. Tangu 2012 Toyota inauza Prius inayochajiwa, tayari kutoka kiwandani.