Kumfunza Mwanafunzi Kuihariri Insha Yake: Mfano wa Makongeni, Nairobi

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Methali hii huwasibu waandishi wote, na huwasibu zaidi wanafunzi wa shule za upili. Mwanafunzi humaliza insha, akaikabidhi, kisha akausubiri wino mwekundu wa mwalimu. Insha irudipo, hutazama alama na kulifunga daftari. Makosa yale yale hujitokeza tena katika insha inayofuata. Katika makala haya tunanuia kueleza jinsi mwanafunzi anavyoweza kufunzwa kuihariri kazi yake mwenyewe, tukirejelea mazingira ya Makongeni, katika mitaa ya Eastlands.

Makongeni ulianza kama makao ya wafanyakazi wa reli, watu waliotoka katika jamii mbalimbali za Kenya. Katika mitaa ya aina hii, Kiswahili kilikuwa daraja la mawasiliano, na humo ndimo Sheng ilimostawi. Kwa hivyo, mtoto aliyelelewa huko huja shuleni na Kiswahili chenye kanuni zake. “Venye” huchukua nafasi ya virejeshi vya wakati na namna, “ako” nafasi ya “yuko”, na nomino za ngeli nyingi hupewa upatanisho mmoja.

Hapa ndipo lilipo tatizo. Mwalimu husema, “Someni tena insha zenu.” Mwanafunzi husoma, lakini sikio lake huyakubali yote aliyoyaandika. Tuchukue sentensi hii: “Venye tulifika huko, tulipata watu ingine wamekaa chini ya miti kubwa.” Akiisoma mara kumi, hataona kasoro, maana ndivyo wasemavyo majirani zake. Bila shaka, anahitaji maswali ya kumwongoza.

Swali la kwanza: je, pana “venye” au “yenye” iliyofuatwa na kitenzi? Ikiwapo, inadokeza wakati, namna au mahali? Kwa kuwa hapa ni wakati, atatumia -po-: “tulipofika”. Swali la pili: kila nomino iko katika ngeli gani, na je, kivumishi chake kimeifuata? “Watu” hudai “wengine”. “Miti” hudai “mikubwa”. Mwishowe atapata: “Tulipofika huko, tuliwakuta watu wengine wameketi chini ya miti mikubwa.” Marekebisho hayo ameyafanya mwenyewe, na anaweza kuyaeleza.

Aidha, kuhariri kuna ngazi. Usomaji wa kwanza uhusu hoja: je, insha imejibu swali, na kila aya ina wazo moja kuu? Usomaji wa pili uhusu sarufi, kwa maswali tuliyoyataja. Wa tatu uhusu tahajia, kwa mfano dh na th, au “kwasababu” iliyounganishwa. Katika usomaji huu inafaa kuanza na sentensi ya mwisho na kurudi nyuma, ili maana isimchukue msomaji na kumfumba macho. Atakayeanza na tahajia atapamba aya ambayo huenda ikafutwa baadaye.

Hali kadhalika, mwalimu apunguze kusahihisha kila neno. Badala yake, atie alama pambizoni mwa mstari wenye kosa, na kumwachia mwanafunzi kulitafuta. Kila mmoja awe na daftari la makosa yake matatu au manne yanayojirudia. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wabadilishane insha, kwani kundule lisiloonwa na mwenyewe huonwa na mwenzake.

Yapo pia manufaa ya mtihani. Karatasi ya insha ya KCSE katika mfumo wa 8-4-4 hudai insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja, kwa muda wa saa 1 na dakika 45. Mwanafunzi aliyezoea kuhariri hutenga dakika 5 kwa kila insha, na hujua aanzie wapi.

Hata hivyo, jambo moja lisisahaulike. Mwanafunzi akiambiwa kwamba lugha ya kwao ni chafu, hujilinda kwa kuandika sentensi fupi zisizo na uhai, na hatimaye hukichukia Kiswahili. Afunzwe kwamba lugha ya mtaani ina mahali pake, nayo lugha sanifu ina pake, na kwamba kuhariri ni kuvuka kutoka moja hadi nyingine kwa kujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tumkabidhi mwanafunzi mwiko mkononi mwake mwenyewe.