Kwa Mwanachama Aliyenunua Pikipiki Kubwa Iliyokwisha Kutumika

Makatibu wa vyama vya akiba na mikopo vya Ilala na Kariakoo wamekwisha kuzoea maombi ya mkopo wa pikipiki. Maombi mengi huhusu pikipiki ndogo za kubebea abiria, zenye injini ya cc 100 hadi 150, ambazo bei zake, spea zake na mafundi wake hujulikana katika kila mtaa. Makala haya hayahusu hizo. Yanahusu pikipiki kubwa za safari ndefu, zenye kioo cha kukinga upepo, kava za plastiki ubavuni na masanduku ya mizigo nyuma, ambazo zilitumika kwanza Japani au Ulaya kabla ya kufika kwetu. Mwanachama ambaye wateja wake wako Chalinze au Morogoro huipenda pikipiki ya namna hiyo kwa sababu haichoshi barabarani na haiyumbishwi sana na upepo wa malori. Kupenda huko kuna haki yake. Lakini tofauti iliyopo kati ya chombo hiki na kile kidogo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mara nyingi ni mkopo wenyewe unaoumia.

Jambo ambalo kamati za mikopo zinapaswa kulifikiri ni hili: bei anayotaja muuzaji siyo gharama ya pikipiki. Ni gharama ya kuipata tu. Mwanachama anayekopeshwa bei ya muuzaji bila senti zaidi huondoka akiwa na chombo chenye nguvu nyingi, matairi ya kizee na mfuko mtupu. Kwa maoni ya mwandishi, kwa kila shilingi tano za bei yapasa iwepo shilingi moja nyingine iliyotengwa kwa ajili ya mwezi wa kwanza. Na kama fedha hiyo haipo, ni heri mwanachama atafute pikipiki ya bei ndogo zaidi kuliko kuikosa.

Mwandishi hasemi haya kwa kusimuliwa. Miaka kadhaa iliyopita alinunua pikipiki ya aina hii, safi, iliyong'arishwa, na spidomita yake ikionyesha kilomita chache. Matairi yalikuwa na kashata nene kana kwamba ni mapya. Siku ya mvua ya kwanza, katika Barabara ya Uhuru, alishika breki taratibu kabisa nyuma ya daladala, na gurudumu la nyuma likateleza kama lililopakwa sabuni. Alianguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, akavunja kava la kushoto na kioo cha pembeni, na goti likavimba wiki mbili. Fundi alipotazama ubavu wa tairi alisoma tarakimu nne, akauliza: “Mzee, hili tairi unalijua umri wake?” Lilikuwa na miaka kumi na moja.

Basi tuanze na matairi. Katika ubavu wa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2318 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira hukakamaa kwa umri hata kama haukutembea. Jua huukausha, na mpira mkavu haushiki lami yenye maji, hasa lami ya mjini iliyolowa oili ya magari. Tairi lililopita miaka mitano litazamwe na fundi kila mwaka. Lililofika miaka kumi litolewe bila mabishano, hata kama kashata zake ni nzima. Pikipiki iliyokaa muda mrefu ghalani kabla ya kusafirishwa ndiyo yenye hatari hii zaidi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo muuzaji huisifu kwamba “haijatembea.”

Linalofuata ni breki. Pikipiki hizi hutumia diski na mafuta ya breki, wala si waya na chuma kama baadhi ya zile ndogo. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na Dar es Salaam hatuna upungufu wa unyevu. Yakishanyonya maji, huchemka kwa joto la chini kuliko yanavyopasa, na yakichemka mkono wa breki hulegea mkononi wakati ambapo dereva anauhitaji. Kwa hiyo yabadilishwe mara moja baada ya kununua, kisha kila baada ya miaka miwili. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi badala ya kuwa meupe au ya manjano hafifu, jibu umekwisha kulipata. Pedi zipimwe unene wake, na diski ipitishwe kidole kwenye ukingo ili kuona kama imeliwa.

Kuna jambo la joto ambalo vitabu vya watengenezaji havilisisitizi, kwa kuwa wao hawakuifikiria Kariakoo. Injini ya pikipiki hizi imefunikwa na kava na hupozwa kwa maji na rejeta. Katika barabara kuu upepo hufanya kazi yote. Lakini katika Mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni, kati ya mikokoteni, wapagazi na magari yaliyosimama, hakuna upepo. Iliyobaki ni feni ya umeme. Kabla ya kununua, iache injini iunguruме pikipiki ikiwa imesimama mpaka feni izunguke yenyewe. Sindano ya joto ikipanda karibu na alama nyekundu na feni haijawaka, usinunue kabla ya kujua sababu. Na katika rejeta yasitiwe maji ya bomba. Inatakiwa dawa maalumu ya kupozea inayozuia kutu, kwa maana njia za maji ndani ya injini hizi ni nyembamba na huziba upesi.

Oili nayo ina siri yake. Katika pikipiki nyingi klachi huoga katika oili ile ile ya injini, tofauti na motokaa. Baadhi ya oili za motokaa zimechanganywa na dawa ya kupunguza msuguano. Hizo zikiingia kwenye pikipiki, klachi huanza kuteleza: injini inalia, mwendo hauongezeki. Tafuteni kopo lenye maandishi JASO MA au MA2. Maandishi hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba oili inafaa kwa klachi ya namna hiyo.

Kama pikipiki ina mnyororo, upakwe mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000 na kila baada ya mvua, na ulegee kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kilichopo karibu na gurudumu la nyuma; kwa nyingi kiasi hicho ni baina ya milimita 25 na 35. Baadhi ya pikipiki za safari, kama Honda ST1100 iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na Yamaha FJR1300 iliyoanza mwaka 2001, hazina mnyororo bali shafti. Mwenye shafti hupumzika na kazi ya mafuta ya kila wiki, lakini asisahau kwamba kule nyuma kuna oili ya gia inayohitaji kubadilishwa. Wengi husahau, kwa sababu haionekani.

Pikipiki zilizotoka Japani zina taa iliyotengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto kama yetu. Zilizotoka Ujerumani au Ufaransa taa zake huinamia kulia, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako. Hilo lirekebishwe kabla ya safari ya kwanza ya usiku. Zile za Uingereza zinaendeshwa kushoto kama kwetu, lakini mita yake husoma maili. Dereva anayeona 50 katika mita hiyo anakwenda kilomita 80 kwa saa, na ndani ya mji mwisho ni kilomita 50.

Sasa spea. Ni kweli kwamba Gerezani na mitaa ya Kariakoo mtu hupata karibu kila kitu cha pikipiki ndogo za India na China. Kwa pikipiki kubwa mambo si hivyo. Ushauri wetu ni kwamba mwanachama, kabla hajatoa fedha, apite madukani na orodha fupi: pedi za breki za mbele, kichujio cha oili, waya wa klachi au vifaa vyake, na matairi ya saizi ile. Aulize bei, aandike, ailete orodha kwa kamati ya mikopo pamoja na maombi yake. Akikosa vitu vitatu katika vinne, ajue kwamba kila kitakapoharibika kitu chombo kitalala wiki kadhaa kikisubiri mzigo kutoka nje, na marejesho ya mkopo hayalali. Orodha hiyo ni nusu siku ya kazi tu, nayo hueleza zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Tukija kwenye karatasi, katibu awe mkali hapa. Namba ya chasisi na namba ya injini zilizogongwa kwenye chuma zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosuguliwa au iliyogongwa upya ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Mkataba wa mauziano uandikwe na ushuhudiwe, kisha umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mnunuzi awe na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi. Kununua kwa kadi ya jina la mtu mwingine, kwa ahadi kwamba “tutabadilisha baadaye,” ni kukabidhi dhamana ya chama kwa mtu asiye mwanachama. Faini za barabarani nazo huandikwa kwa namba ya usajili wa chombo, kwa hiyo zitazamwe kabla ya malipo na muuzaji azimalize mwenyewe. Akidai fidia ya ada ya mwaka ya leseni ya barabara, ajibiwe kwa adabu kwamba ada hiyo iliondolewa mwaka 2017.

Bima isiyopungua ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Kwa chombo kilichonunuliwa kwa mkopo, bima kubwa ni ya busara zaidi. Kuhusu leseni, mwenye daraja D la motokaa ndogo haruhusiwi kwa leseni hiyo kuendesha pikipiki. Kwa pikipiki ya cc zaidi ya 125 linatakiwa daraja A. Hata aliyeendesha pikipiki ya abiria miaka kumi ajihesabu mwanafunzi kwa mwezi mmoja. Chombo hiki kina uzito unaoweza kuzidi kilo 250, na kikianza kulala upande pale kiliposimama, mguu mmoja hautakizuia.

Safari ya kwanza na iwe Jumapili asubuhi, wakati Kariakoo imepoa, bila abiria na bila mizigo, kofia ngumu ikiwa imefungwa kidevuni. Toka Mnazi Mmoja kwa Barabara ya Uhuru mpaka Buguruni na kurudi, ukijaribu breki ya mbele na ya nyuma moja moja mahali palipo wazi. Usipite katika njia ya mabasi ya mwendokasi, na kama mvua imenyesha usijaribu maji ya bonde la Msimbazi pale Jangwani. Injini ikivuta maji kwa mdomo wa hewa, yaweza kufa pale pale. Ukifika nyumbani tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini na ulale. Asubuhi soma madoa: jeusi au la kahawia ni oili, la kijani au jekundu lenye utelezi huenda likawa ni la rejeta, na lenye harufu ya petroli lisikupe nafasi hata ya kuwasha. Mpelekee fundi boksi hilo pamoja na pikipiki.