Somo Lililo Sehemu ya Tiba

Ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mgonjwa katika msisimko uliopindukia kisha humshusha katika sonona, yaani huzuni nzito inayommaliza nguvu zote, hutulizwa kwa dawa kama lithiamu, lakini wagonjwa wengi huiacha dawa mara wanapojihisi wamepona. Hapo ndipo inapohitajika elimu-saikolojia, yaani mafunzo yaliyopangwa ya kumweleza mgonjwa na jamaa zake ugonjwa ni nini, dawa hufanya kazi gani, na dalili zipi hutangulia ugonjwa unapotaka kurudi.

Huenda msomaji akashuku kwamba kinachosaidia ni faraja ya kukaa na wenye shida moja, wala si somo lenyewe. Shaka hiyo ilipimwa Barcelona katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Francesc Colom, Eduard Vieta na wenzao, ambapo wagonjwa 120 waliokuwa wametulia waliendelea na dawa zao, nusu yao wakifundishwa katika vikao 21 na nusu wakikutana vivyo hivyo bila kufundishwa. Kufikia mwisho wa miaka miwili ya ufuatiliaji, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 92 ya wasiofundishwa na asilimia 67 ya waliofundishwa. Theluthi mbili si wachache, na hakuna aliyedai kuwa somo laweza kushika nafasi ya dawa. Hata hivyo, faraja peke yake haikutosha.

Katika dalili zinazotangulia msisimko, ya kuangaliwa sana ni usingizi. Mgonjwa anayelala kidogo sana siku kadhaa mfululizo na bado akaamka na nguvu tele, huku akisema haraka na kutumia fedha ovyo, mara nyingi hujiona mzima kuliko wakati wowote, na kwa hiyo jamaa waliofundishwa ndio huanza kuona hatari, na huweza kumsaidia mradi yeye mwenyewe amekubaliana nao, angali ametulia, hatua zitakazochukuliwa.

Nchini Tanzania, mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, umewakutanisha wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili, na jamaa zao katika mafunzo ya namna hii Dar es Salaam na Mbeya, jambo la maana mahali ambapo ugonjwa wa akili bado huhusishwa na kurogwa.

Anayemsindikiza mgonjwa kliniki na aulize, kabla ya kuondoka, ni dalili zipi zikionekana warudi bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.