Deni la Msomi Aliyerudi Kijijini

Kila mwisho wa mwezi mtumishi wa umma aliyesoma kwa mkopo wa Serikali huona katika hati yake ya mshahara kwamba asilimia 15 ya mshahara wa msingi imekwenda kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hatusemi kuwa makato hayo ni dhuluma. Mkopo ni mkopo, na fedha hizo ndizo zimsomeshazo mtoto wa kabwela mwingine. Lakini liko swali ambalo twaona halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Mwalimu afundishaye hesabu kwa miaka kumi katika kijiji cha Butiama au Bunda, na msomi mwenzake aliyekwenda mjini kujitafutia utajiri wake, je, deni lao ni la namna moja?

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyezikwa huko huko mwaka 1999, alilieleza Bunge mwezi Mei 1964 kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta chakula kwa wenzake. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo umetumiwa mara nyingi kuwakemea wasomi wabinafsi, na ni haki wakemewe. Upande wake wa pili husahauliwa. Yule aliyerudi na gunia kichwani, wanakijiji watamdai nini tena? Watampokea mzigo, kisha wamwambie alipe na kile chakula alichokula njiani?

Zamani jibu lilikuwa wazi. Katika miaka ya 1960 mwanafunzi aliyesomeshwa kwa msaada wa Serikali alitia sahihi ya kuitumikia Serikali kwa miaka 5. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kuwataka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na katika sehemu kubwa ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwalimu naye akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kuamua kwamba kijana atoke kwanza akafanye kazi, na aingie Chuo Kikuu baada ya kushuhudiwa na wale aliofanya kazi nao. Masharti hayo yalikuwa magumu, na mengine yalikuja kulegezwa. Hata hivyo yote yalikubali jambo moja, kwamba utumishi wenyewe ni malipo.

Katika miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Tangu hapo deni limekuwa la shilingi tu. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliyapandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza na wafanyakazi siku ya Mei Mosi mjini Mwanza, aliiondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilifanya deni livimbe kila mwaka huku mtu akilipa. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na sababu. Nafuu hiyo, hata hivyo, ilimpata kila mdaiwa sawasawa, bila kuuliza anafanya kazi gani wala wapi.

Tena mtumishi wa umma ndiye mdaiwa rahisi kuliko wote. Mshahara wake unajulikana, na mwajiri wake hukata kabla hajaushika. Aliyejiajiri naye sheria yamtaka alipe, lakini huyo hana budi kutafutwa kwanza. Hivyo yule aliyekubali kwenda zahanati ya mwisho wa barabara hulipa kwa uhakika zaidi kuliko mwenye duka kubwa la jumla mjini.

Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Makato ya mkopo peke yake ni shilingi 120,000, na hapo bado kodi, pensheni na bima ya afya. Kinachobaki kinapaswa kutosha chumba, chakula, nauli na wazazi waliouza ng'ombe ili kijana asome. Si ajabu kwamba mwalimu wa kijijini huanza mapema kuandika barua za kuomba uhamisho. Wako pia vijana wenye shahada wanaofundisha kwa kujitolea, bila ajira rasmi, na deni linawangojea. Kwa maoni yetu hao ndio wa kwanza kuhesabiwa.

Twapendekeza hivi: kila miaka miwili ya kazi katika kituo cha kijijini ifute sehemu moja ya tano ya deni, na miaka 10 ilimalize. Atakayehama aendelee kulipa kilichobaki, wala asinyang'anywe alichokwisha kukitumikia.

Marekani walitunga sheria ya namna hii mwaka 2007: mtumishi wa umma akilipa mara 120, salio husamehewa. Waombaji wa kwanza walipofika mwaka 2017 karibu wote walikataliwa, huyu kwa kuwa mkopo wake ni wa aina nyingine, yule kwa fomu isiyofaa. Ilichukua miaka kunyosha mambo, na kufikia Oktoba 2024 waliosamehewa walikuwa wamepita milioni moja. Hapa kwetu kumbukumbu za halmashauri ya wilaya, zinazoonyesha mtu ameripoti lini na yuko kituo gani, zitoshe kuwa ushahidi.

Tumesikia pingamizi kwamba mfuko utakauka. Ni pingamizi la haki. Ikiwa Hazina haitairudishia Bodi kila shilingi iliyosamehewa, basi msamaha huo utatoka katika mfuko wa kijana aliye kidato cha sita Musoma leo. Gharama hiyo ni gharama ya kupata mwalimu na mganga, na ikae katika bajeti kwa jina hilo. Mlima pamba wa Bunda na mvuvi wa Musoma, ambao hawakukanyaga chuo, watauliza kwa nini kodi yao imsamehe msomi. Wataridhika wakimwona darasani na zahanati mwao, na wala si mara moja kwa mwaka wakati wa sikukuu.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa stashahada nao wanakopeshwa, wakiwamo wa afya na ualimu wa sayansi, na wengi wao watapangiwa vijijini. Wa kwanza wao wanaanza kuingia kazini sasa. Kanuni hii iandikwe kabla makato hayajaanza kwenye mishahara yao.