Usiongeze Turbo Kabla ya Kupima: Mwongozo kwa Wenye Magari

Magari ya petroli yenye turbo yamezoeleka barabarani, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Pamoja nayo umekuja mtindo wa kumwomba fundi "aongeze turbo" ili gari lipate kasi. Kabla ya kulipia kazi hiyo, fahamu kinachoguswa, kwani injini ikiharibika hasara ni yako.

Turbo hufanyaje kazi?

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, wakati mwingine zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo huzungusha feni inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huchomwa na nguvu hupanda. Shinikizo hilo ndilo mafundi huita busti.

Ili busti isipite kiasi, kuna mlango mdogo, westigeti, unaopitisha moshi kando ya turbo. Hufunguliwa na kikopo chenye springi na fito, kinachopokea hewa kupitia mpira mwembamba. Katika magari mengi, kompyuta ya injini ndiyo huamua hewa hiyo iwe kiasi gani.

Hatari iko wapi?

Fundi akifupisha fito, au akipunguza hewa inayofika kwenye kikopo, mlango huchelewa kufunguka na busti hupanda. Mpira ukichomoka, mlango hubaki umefungwa. Joto likizidi, petroli hulipuka yenyewe ndani ya silinda na injini hugonga. Hapo pistoni inaweza kutoboka au gasketi ya hedi kuungua.

Petroli pia ni muhimu. Baadhi ya magari haya yaliundwa kutumia petroli ya Japani yenye oktani karibu 100. Super ya kawaida hapa nchini iko chini ya kiwango hicho.

Mwinuko nao una athari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia busti ile ile.

Kabla ya kurekebisha:

- Kagua kwanza mipira iliyopasuka, kichujio cha hewa na plagi. Mara nyingi gari hukosa nguvu kwa sababu hizo.
- Funga geji ya busti. Usikubali fundi akisie kwa sikio.
- Fuata kiwango cha mtengenezaji. Fito irekebishwe kidogo kidogo, na gari lipimwe kila mara.
- Injini ikigonga, ondoa mguu kwenye mafuta na urudishe kipimo cha awali.
- Hakikisha breki na magurudumu yanamudu kasi hiyo.
- Ijulishe kampuni yako ya bima. Mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kukunyima fidia baada ya ajali.

Iwapo gari linabeba abiria, liache katika kipimo cha kiwandani. Maisha yao yana thamani kuliko dakika chache za kuwahi.